Nicolas Desmarest na Fumbo la Jiwe Jeusi

Basalti ni jiwe jeusi, gumu na zito. Jiwe hili limeenea duniani kuliko mawe mengi mengine. Hupondwa likawa kokoto za barabara na za reli, na likichakaa kwa mvua na jua kwa muda mrefu sana huwa udongo wenye rutuba. Siku hizi tunajua kwamba basalti ni mwamba uliotokana na moto wa volkano. Lakini miaka 250 iliyopita jambo hilo lilikuwa fumbo. Wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba jiwe hili lilifanyika ndani ya maji ya bahari.

Katika sura hii tutasoma habari za Nicolas Desmarest, Mfaransa aliyetoa ushahidi kwamba basalti ni lava iliyopoa. Tutaona pia jinsi alivyoutafuta ushahidi huo, kwa maana njia aliyoifuata ndiyo njia ya sayansi mpaka leo.

Utoto na masomo

Nicolas Desmarest alizaliwa tarehe 16 Septemba, 1725, katika kijiji cha Soulaines, jimbo la Champagne, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, lakini nyumba yao ilikuwa ya kimaskini. Nicolas alipokuwa bado kijana, baba yake alifariki, na masomo yake yangalikoma hapo kama asingalipata msaada. Alipelekwa katika shule ya mapadri mjini Troyes. Huko alisoma kwa bidii, na baadaye akaendelea na masomo katika mji mkuu wa Paris.

Jambo la kwanza lililomfanya ajulikane lilikuwa insha. Kati ya Ufaransa na Uingereza kuna mlango mwembamba wa bahari. Chama cha wataalamu wa mji wa Amiens kiliahidi tuzo kwa mtu atakayeeleza vizuri kama nchi hizo mbili zilipata kuungana hapo kale. Desmarest alishindania tuzo hiyo, naye akaipata. Insha yake ilichapishwa mwaka 1753.

Je, alitoa hoja gani? Alionyesha kwamba bahari ya mahali hapo si ya kina kirefu. Tena alionyesha kwamba tabaka za miamba ya upande wa Ufaransa zinafanana na tabaka za miamba ya upande wa Uingereza. Kisha akawakumbusha watu kwamba zamani wanyama wakali, kama vile mbwa-mwitu, waliishi katika nchi zote mbili. Hakuna mtu mwenye akili ambaye angewapakia wanyama kama hao katika jahazi na kuwavusha bahari. Basi ni lazima wanyama hao walivuka kwa miguu, wakati ambapo nchi zilikuwa zimeungana.

Kutokana na insha hiyo twaweza kuona tabia ya Desmarest. Hakuridhika na kusikia tu. Alitafuta vitu vinavyoonekana, akavilinganisha, ndipo akatoa maoni yake.

Mkaguzi aliyetembea kwa miguu

Mwaka 1757 Desmarest alianza kufanya kazi ya serikali. Alitumwa kuchunguza viwanda vya nguo, na baadaye viwanda vya karatasi na vya vitu vingine, ili ufundi wa wananchi upate kuendelea. Alifika hata Uholanzi ili kutazama jinsi watu wa huko walivyotengeneza karatasi. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na mwaka 1788 akawa Mkaguzi Mkuu wa Viwanda.

Kazi hii ilimpeleka katika majimbo mengi. Wakubwa wa siku zile walipenda kusafiri katika magari ya farasi, lakini Desmarest alipenda kwenda kwa miguu. Mfukoni alichukua mkate na kipande cha jibini, na hicho ndicho kilichokuwa chakula chake cha safari. Usiku ulipomkuta mbali na miji, alilala katika vibanda vya wachunga kondoo. Hapakuwa na njia mbaya wala jabali refu lililomshinda. Alipokuwa akienda kutazama viwanda, alitazama pia vilima, mito na miamba iliyokuwa njiani. Mtu apitaye ndani ya gari huona mengi, lakini mtu aendaye kwa miguu huweza kusimama, kuokota na kupima.

Fumbo la nguzo za mawe

Huko Ireland, pwani ya kaskazini, kuna mahali pa ajabu ambapo nguzo za mawe meusi kama 40,000 zimesimama zikiwa zimesongamana. Nyingi zina pande sita, na nyingine zina pande tano au saba. Zinaonekana kana kwamba fundi hodari amezichonga na kuzipanga. Wenyeji wa zamani walisimulia kwamba mahali hapo palijengwa na jitu lililotaka kuvuka bahari. Nguzo hizo ni za basalti.

Wataalamu hawakuamini hadithi ya jitu, lakini hata wao walishindwa kueleza asili ya nguzo hizo. Wengi walifikiri hivi: chumvi ikikaa ndani ya maji hufanya fuwele, yaani vipande vyenye pande zilizonyooka. Nguzo za basalti nazo zina pande zilizonyooka. Basi, walisema, nguzo hizo ni fuwele kubwa zilizofanyika ndani ya maji ya bahari ya kale. Maelezo hayo yalionekana kuwa na maana, kwa sababu karibu na nguzo hizo hapakuwa na mlima wa moto.

Mwaka 1751 mtaalamu mwingine wa Ufaransa, Jean-Étienne Guettard, alikuwa akisafiri katikati ya nchi yao. Aliona mawe meusi yenye vitundu yakitumiwa kando ya barabara na katika majengo. Aliuliza yalikotoka, akaelekezwa mahali paitwapo Volvic, katika jimbo la Auvergne. Alipofika huko alitambua kwamba vilima vya jimbo hilo ni volkano za kale zilizokwisha kuzimika. Watu walikuwa wamelima, wamechunga na kujenga juu yake kwa karne nyingi bila kujua. Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Hata hivyo, Guettard mwenyewe aliendelea kuamini kwamba nguzo za basalti zilitokana na maji. Fumbo la jiwe jeusi lilikuwa bado halijafumbuliwa.

Safari ya mwaka 1763

Mwaka 1763 kazi ilimpeleka Desmarest huko Auvergne. Katika jimbo hilo, magharibi ya mji wa Clermont, kuna safu ya vilima vya volkano vipatavyo 80. Kilima mashuhuri kuliko vyote ni Puy de Dôme, chenye urefu wa meta 1,465 kutoka usawa wa bahari. Vingi vya vilima hivyo vina umbo la pia iliyogeuzwa, na juu yake mna shimo kama bakuli. Shimo hilo huitwa kreta, nalo ndilo mdomo wa volkano.

Siku moja Desmarest alikuwa akipita karibu na Puy de Dôme, kwenye uwanda wa Prudelle. Njiani aliona vipande vya nguzo nyeusi vimelala chini. Alivitazama, akakumbuka habari za nguzo za Ireland. Lakini hakuendelea na safari yake. Vipande vile vilikuwa vimeanguka, basi ni lazima vilitoka mahali. Alipanda mteremko mpaka akafika penye ukingo wa mwamba, na hapo akaona nguzo nyingine bado zimesimama wima.

Desmarest alichunguza kila kitu kilichokuwa mahali hapo, kuanzia juu mpaka chini. Juu kulikuwa na mwamba mweusi wenye nguzo. Chini ya mwamba huo kulikuwa na tabaka la mawe yenye vitundu, mfano wa masizi magumu ya tanuri la chuma, pamoja na udongo uliogeuka rangi kwa kuunguzwa. Chini kabisa kulikuwa na graniti, mwamba wa kale wa nchi ile.

Fikiri juu ya jambo hilo. Kama mwamba mweusi ungalifanyika ndani ya maji, udongo wa chini yake usingaliungua. Udongo ulioungua ulikuwa shahidi. Ulionyesha kwamba mwamba ule ulifika mahali pale ukiwa wa moto na wa majimaji, ukautandaza mwili wake juu ya ardhi, kisha ukapoa na kuganda.

Kulifuata jiwe hadi chimbuko lake

Mtu mwingine angaliridhika na ushahidi huo, akaenda Paris kutangaza uvumbuzi wake. Desmarest hakufanya haraka. Alijua kwamba wenye maoni mengine wangeuliza swali moja kubwa: ikiwa basalti ni lava, basi ilitoka katika volkano ipi?

Kwa hiyo alianza kuzifuata lava za Auvergne kama mtu anayepanda mto kutafuta chemchemi yake. Alianzia chini mabondeni, penye nguzo, akapanda taratibu akitazama mwamba hatua kwa hatua. Aliona kwamba mwamba wenye nguzo na mwamba usio na nguzo ulikuwa ni mmoja, bila kukatika. Akaendelea kupanda, hata akafika kwenye vilima vyenye kreta ambako lava ile ilitokea. Alifanya hivyo mahali pengi. Fumbo likafumbuka: nguzo za basalti zilikuwa sehemu ya mito ya lava iliyoganda.

Desmarest alitaka watu wengine nao waweze kuuhakikisha ushahidi wake. Kwa hiyo, akisaidiwa na mpimaji wa ardhi, alianza kuchora ramani. Katika ramani hiyo alionyesha vilima, kreta, mito ya lava na mahali penye nguzo. Mwaka 1765 aliwaeleza wataalamu wa Akademia ya Sayansi ya Paris mambo aliyoyaona. Kisha akasafiri Italia pamoja na rafiki yake La Rochefoucauld, mtu wa ukoo mashuhuri, ili kulinganisha mawe ya volkano za huko na yale ya Auvergne. Mwaka 1771 alichaguliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa Akademia, na mwaka 1774 maandishi yake yalichapishwa pamoja na ramani. Tangu alipoziona nguzo za Prudelle ilikuwa imepita miaka 11.

Lava za zama tatu

Katika uchunguzi wake Desmarest aligundua jambo lingine kubwa. Lava za Auvergne hazikuwa za wakati mmoja.

Lava za kundi la kwanza zilikuwa bado zimelala mabondeni, na vilima vyake vilikuwa na kreta nzima. Hizo zilikuwa changa kuliko zote. Lava za kundi la pili zilikuwa juu ya vilima, na kreta zake zilikuwa zimekwisha kuliwa na mvua. Lava za kundi la tatu zilikuwa zimefunikwa na tabaka za miamba mingine. Hizo zilikuwa za kale kuliko zote.

Yawezekanaje lava, ambayo hutiririka kuteremka kama maji, ionekane juu ya vilima? Desmarest alieleza hivi. Hapo kale lava ilitiririka ikajaza bonde, kisha ikaganda ikawa mwamba mgumu. Maji ya mvua na ya mito hayakuweza kuchimba mwamba huo kwa urahisi. Yalichimba ardhi laini iliyokuwa kando yake. Miaka mingi sana ilipopita, ardhi ya kando ilishuka ikawa bonde jipya, na lava iliyokuwa chini bondeni ikabaki juu kama paa la kilima.

Maelezo hayo yaliwafundisha watu kwamba mito huchimba mabonde pole pole, na kwamba kazi hiyo huhitaji muda mrefu kuliko watu wa siku zile walivyofikiri.

Ubishi wa maji na moto

Maandishi ya Desmarest hayakuumaliza ubishi. Huko Ujerumani, katika chuo cha madini cha mji wa Freiberg, kulikuwa na mwalimu mashuhuri aliyeitwa Abraham Werner. Alianza kufundisha hapo mwaka 1775, na wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi. Werner alifundisha kwamba karibu miamba yote, pamoja na basalti, ilifanyika ndani ya bahari ya kale iliyofunika dunia. Kwa maoni yake volkano zilikuwa kitu kidogo tu, zilizosababishwa na makaa ya mawe yanayowaka chini ya ardhi.

Werner alikuwa mtaalamu hodari wa kuyatambua madini, tena alipendwa sana na wanafunzi wake. Miamba ya basalti aliyoiona katika nchi yake imelala juu ya tabaka za mchanga na udongo wa mfinyanzi, wala haina kreta karibu. Kwa sababu hiyo alidhani kwamba basalti nayo ilitandazwa na maji. Lakini Werner hakufika Auvergne.

Basi wataalamu wa Ulaya wakagawanyika makundi mawili, kundi la maji na kundi la moto. Walibishana kwa maneno makali katika vitabu na katika mikutano. Desmarest hakupenda mabishano hayo. Kila alipoulizwa juu ya basalti alikuwa na jibu moja fupi: aliwaambia wabishi waende Auvergne wakaone.

Mwaka wa hatari

Mwaka 1789 mapinduzi makubwa yalianza nchini Ufaransa. Wananchi waliokuwa wameonewa kwa miaka mingi waliuangusha utawala wa mfalme. Lakini katika machafuko yaliyofuata, watu wengi waliuawa bila kuhukumiwa kwa haki. Mwaka 1792 La Rochefoucauld, yule rafiki aliyesafiri na Desmarest huko Italia, aliuawa. Desmarest naye alitiwa gerezani mjini Paris. Mwezi wa Septemba mwaka huo makundi ya watu yaliingia katika magereza ya mji huo na kuwaua wafungwa wengi sana. Desmarest alinusurika. Wakati huo alikuwa akikaribia umri wa miaka 67.

Alipotoka gerezani hakukata tamaa, bali alirudia kazi yake ya kuchunguza na kuandika. Kuanzia mwaka 1794 alianza kutoa vitabu vikubwa vya elimu ya sura ya dunia, yaani milima, mito, bahari na miamba. Hata katika uzee wake aliendelea kuisahihisha ile ramani ya Auvergne.

Ushahidi wa tanuri na wa miguu

Wakati huo ushahidi mwingine ulipatikana mbali na Ufaransa. Huko Edinburgh, katika nchi ya Scotland, aliishi mtaalamu James Hall. Watu wa kundi la maji walikuwa wakisema kwamba jiwe likiyeyushwa kwa moto halirudi kuwa jiwe, bali hugeuka kuwa kioo. Hall aliamua kulijaribu jambo hilo. Alichukua mawe ya namna ya basalti, akayayeyusha katika tanuri lenye moto mkali. Alipoyapoza haraka, kweli yaligeuka kuwa kioo cheusi. Lakini alipoyeyusha tena na kuyapoza pole pole, yaliganda yakawa jiwe lenye fuwele ndogo ndogo, lililofanana na lile la kwanza. Alitangaza habari hizo mwaka 1798. Kwa hiyo ilijulikana kwamba mwendo wa kupoa ndio unaoamua namna ya jiwe litakalopatikana.

Kisha lilitokea jambo lililomfurahisha kila mpenda ukweli. Mmoja wa wanafunzi wa Werner, Mfaransa aliyeitwa d'Aubuisson, alichapisha kitabu mwaka 1803 kueleza kwamba basalti za Ujerumani zilitokana na maji. Baadaye alikwenda Auvergne, akatembea juu ya lava zile zile alizotembea Desmarest. Aliona udongo ulioungua, akafuata mito ya mawe hadi kwenye kreta. Akakubali waziwazi kwamba nguzo hizo zilitokana na volkano. Haikuwa rahisi kuyaacha mafundisho ya mwalimu aliyempenda, lakini aliyaacha kwa sababu ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake.

Desmarest alikuwa bado hai wakati huo. Alifariki mjini Paris tarehe 28 Septemba, 1815, akiwa na umri wa miaka 90. Ramani kubwa ya Auvergne ilichapishwa mwaka 1823 na mwanawe, Anselme Desmarest, aliyekuwa mtaalamu wa wanyama. Karibu miaka 60 ilikuwa imepita tangu mstari wake wa kwanza ulipochorwa.

Basalti inavyofanyika

Sasa na tueleze kwa ufupi mambo tunayoyajua leo juu ya basalti.

Ndani ya dunia kuna joto jingi. Mahali pengine miamba huyeyuka ikawa majimaji mazito yaitwayo magma. Magma ikitoka nje ya ardhi huitwa lava. Lava ya basalti hutoka ikiwa na joto la nyuzi za sentigredi 1,100 hadi 1,200. Ina silika chache kuliko lava nyingine, na kwa sababu hiyo ni nyepesi kutiririka. Lava yenye silika nyingi hujivuta kama ugali, lakini lava ya basalti hukimbia kama uji, ikaweza kwenda mbali.

Lava ikifika juu ya ardhi hupoa upesi. Fuwele zake hazipati nafasi ya kukua, hivyo huwa ndogo mno hata hazionekani vizuri kwa macho. Graniti hupoa pole pole sana chini ya ardhi, na ndiyo maana chembe zake ni kubwa. Basalti ni nyeusi na nzito kwa sababu madini yake mengi yana chuma na magnesi. Ukichukua basalti yenye ukubwa sawa na lita moja ya maji, uzito wake utakuwa karibu kilo 3. Likikaa nje muda mrefu, jiwe hilo hugeuka kuwa la hudhurungi, kwa sababu chuma chake hushika kutu. Vitundu vinavyoonekana katika basalti nyingine ni alama za mapovu ya gesi iliyokuwa ndani ya lava.

Na zile nguzo je? Kitu cha moto kikipoa husinyaa. Lava nene ikipoa husinyaa pia, ikapasuka. Nyufa hizo huanza juu na chini, kisha huingia ndani ya mwamba na kuugawa katika nguzo, ambazo nyingi huwa na pande tano au sita. Kwa hiyo nguzo si fuwele, wala si kazi ya jitu. Ni nyufa za kupoa.

Basalti iko chini ya karibu bahari zote kuu, imefunikwa na tope la sakafu ya bahari. Iko hata mwezini. Mwaka 1969 wanaanga wa Marekani walileta mawe kutoka mwezini, na katika mawe hayo mlikuwa na basalti. Yale mabaka meusi tunayoyaona usiku juu ya mwezi mpevu ni nyanda za lava iliyoganda hapo kale.

Basalti katika Afrika ya Mashariki

Afrika ya Mashariki ni nchi ya volkano, na basalti iko mahali pengi. Vilima vya Chyulu nchini Kenya vimefanyika kwa lava ya basalti. Mvua inyeshayo juu yake huzama katika vitundu na nyufa za mwamba, ikasafiri chini ya ardhi, kisha ikatokeza katika chemchemi za Mzima. Maji ya chemchemi hizo hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Nchini Tanzania, katika bonde la Olduvai, basalti yenye umri wa miaka karibu milioni 2 iko chini ya tabaka zenye mabaki ya watu wa kale. Watu hao walitumia mawe ya volkano kutengeneza zana zao za kukatia.

Lakini si kila lava ni basalti. Lava ya mlima Oldoinyo Lengai ni ya namna nyingine kabisa. Joto lake ni karibu nusu tu ya joto la basalti, na baada ya kupoa hugeuka kuwa nyeupe. Basi usiamue asili ya jiwe kwa kutazama rangi yake tu. Tazama uzito wake, chembe zake, vitundu vyake, na vitu vilivyo chini na kando yake. Ikiwezekana, lifuate mpaka uone lilikotoka.

Jaribio

Chukua udongo wa mfinyanzi, uchanganye na maji mpaka uwe tope zito. Tandaza tope hilo katika sinia kwa unene wa sentimeta mbili, kisha uliweke juani. Litazame kila siku kwa muda wa siku nne. Chora umbo la nyufa utakazoziona, na uhesabu pande za kila kipande. Kumbuka kwamba tope husinyaa kwa kupoteza maji, na lava husinyaa kwa kupoteza joto.

Maswali

1. Desmarest alitumia hoja gani kuonyesha kwamba Ufaransa na Uingereza zilipata kuungana?
2. Kwa nini wataalamu wengi walidhani kwamba nguzo za basalti zilifanyika ndani ya maji?
3. Udongo ulioungua wa Prudelle ulithibitisha jambo gani?
4. Eleza kwa mchoro jinsi lava iliyokuwa bondeni inavyoweza kuwa juu ya kilima.
5. James Hall alipata mawe ya namna gani alipoyapoza haraka, na alipoyapoza pole pole?
6. Kwa nini chembe za basalti ni ndogo kuliko chembe za graniti?
7. Werner na Desmarest wote walikuwa wataalamu hodari. Desmarest alifanya jambo gani ambalo Werner hakulifanya?
8. Tafuta mawe matatu ya namna mbalimbali karibu na shule yenu. Andika rangi, uzito na chembe za kila moja, kisha uulize wazee mahali yanapopatikana kwa wingi.